Jina la Tatu kwenye Kadi ya Corey

Dada yangu Dana alinipigia simu Jumanne moja ya mwezi wa nane, saa mbili asubuhi, nikiwa juu ya trekta kwenye shamba la chini, karibu na mto. Dana hana kawaida ya kunipigia asubuhi. Anajua msimu wa kuvuna miwa sishiki simu, maana mabehewa ya kiwanda yana saa yake na hayamngoji mtu. Nikazima injini.

"Kaka Elio, Corey yuko hospitali," akasema. "Jana alitaka kujiua."

Alisema hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu aliyelia mpaka machozi yakamwishia. Sitasimulia alivyomkuta, hayo ni ya nyumba yao. Inatosha kujua kwamba alimwahi.

"Mtoto aliona?"

"Imogen alikuwa shule. Anajua baba ni mgonjwa, basi." Nikamsikia akifunga mlango. "Kaka, zile bunduki zake za kuwindia nguruwe bado ziko ndani. Hospitali wamesema zitoke kabla hajarudi, na mimi sitaki kulala nazo nyumba moja hata leo. Njoo uzichukue."

"Nakuja sasa hivi."

Kutoka kwangu Home Hill mpaka kwao Townsville ni mwendo wa saa moja na kidogo. Nilivuka daraja, nikapita Ayr, na nilipokaribia Giru nikalazimika kusimamisha pikapu pembeni, nikafungua mlango na kutapika kifungua kinywa chote. Malori yalinipita yakipiga honi. Sikuelewa kilichonipata, kwa sababu ukweli ni kwamba shemeji yangu Corey sikuwa nampenda.

Corey Prowse alikuwa sajenti wa wahandisi wa jeshi. Afghanistan alikwenda mara mbili, na kazi yake kule ilikuwa kutembea mbele ya wenzake na kifaa cha kutambua mabomu yaliyofukiwa, hatua kwa hatua, kisha kuwaambia kama njia inapitika. Alirudi mtu mkimya, mkali, asiyekaa kwenye kiti chochote kinachoupa mlango mgongo. Mimi ni mkulima wa miwa, mtoto wa mkulima wa miwa, mjukuu wa Mwitaliano aliyekuja huku Australia kuikata kwa panga. Kwetu mtu akiwa na neno analisema mezani, kwa kelele, halafu anaongezewa chakula. Corey alikuwa anakula, anashukuru, anatoka nje kuosha gari ambalo halikuwa chafu.

Kilichotuvunja kabisa ni mazishi ya baba. Tulipanga wanaume sita wa kubeba jeneza, Corey akiwa wa sita. Muda ulipofika hakuonekana. Tukabeba watano, upande mmoja umelegea, binamu yangu mmoja akihangaika kushika nafasi mbili. Tulipotoka kanisani nikamwona amesimama kule mwisho wa maegesho, ameshika ukuta. Nikamfuata. Mbele ya ukoo mzima nikamwambia, "Mwanajeshi mzima unaogopa jeneza?" Aliingia kwenye gari lake akaondoka. Miaka miwili ikapita hatujasemeshana. Krismasi nilikuwa napeleka zawadi ya mtoto, naiacha mlangoni, naondoka.

Basi nilizichukua zile bunduki, mbili, karatasi zake za polisi zikafuata, nikazifungia kwenye sefu ya shambani ambayo namba zake nazijua peke yangu. Kabla sijaondoka Dana alinimiminia kahawa.

"Utakwenda kumwona?"

"Atafurahi kuniona mimi?"

"Hapana," akasema. "Nenda tu."

*

Nilikwenda Jumapili. Wodi ilikuwa ghorofa ya pili, vitanda kumi na vinne, vya wanajeshi na waliowahi kuwa wanajeshi. Nilitegemea kukuta nondo madirishani. Nikakuta watu wamevaa kaptura na kandambili, wanabishana kuhusu raga. Ila ukikaa kidogo unaona: kila robo saa nesi anapita, anamtazama kila mmoja usoni, anatia alama kwenye karatasi yake, anaendelea.

Mlangoni mwa chumba cha Corey alisimama mtu mnene mwenye mvi, kikombe mkononi.

"Wewe ndiye mwenye sukari?" akaniuliza.

"Mimi ni shemeji yake Corey."

"Ndiyo nasema, mwenye sukari, yule wa mashamba ya miwa. Mimi Ezra Tabuai, mtu wa kisiwa cha Badu, kule kaskazini. Nimepika kwenye manowari miaka kumi na tisa, na hii chai wanayotupa hapa ni matusi. Pita ndani. Huyu haongei, lakini anasikia."

Corey alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda. Alikuwa amekonda, mashavu yameingia ndani.

"Elio," akasema.

"Corey," nikasema.

Maneno yetu yakaishia hapo. Ezra ndiye aliyetuongelea sote wawili, akauliza bei ya mbolea, akasimulia jinsi alivyounguza wali wa mabaharia mia mbili siku ya ukaguzi. Baada ya dakika ishirini nikasimama, na nilipofika mlangoni nikasikia mdomo wangu unasema, "Jumatano nitapita tena." Sijui nilikuwa nimetumwa na nani.

Nikapita Jumatano, na Jumapili, na Jumatano nyingine. Jirani yangu Nev Oxley alinishikia mashine ya kuvuna siku hizo, na hakuuliza swali. Mambo yaliyokuwa yanaendelea ndani ya wodi Corey alinisimulia mwenyewe baadaye, kidogo kidogo, mara nyingi tukiwa ndani ya gari, ambamo wanaume wawili hawalazimiki kutazamana.

Kila asubuhi alikuwa anakaa na mwanasaikolojia aitwaye Roshni Naidu, mwanamke mfupi, mzaliwa wa Fiji, kalamu sikioni muda wote. Siku ya kwanza Corey alijiandaa kuulizwa habari za vita, na alikuwa amejipanga asijibu.

"Za vita tutafika," Roshni akamwambia. "Kwanza nisimulie Jumatatu ile. Tangu ulipoamka, saa kwa saa. Ulikula nini, nani alisema nini, wewe ulifikiri nini."

"Ya nini?"

"Kwa sababu watu watakutibu usingizi, watakutibu ndoto, na ni sawa. Lakini kilichotaka kukuua ni siku ile. Nataka tuijue siku ile kama ulivyokuwa unaijua barabara kabla wenzako hawajapita."

Lugha hiyo aliielewa. Kwa siku nne waliitembea Jumatatu ile, wakirudi nyuma kila aliporuka hatua. Walikuta vitu ambavyo mwenyewe hakujua viko. Usiku tatu hakuwa amelala. Tarehe ilikuwa inakaribia ile ya kifo cha rafiki yake. Asubuhi Dana, akiwa na lundo la nguo za kufua mikononi, alisema, "Nimechoka, Corey," akatoka kwenda kazini. Na kuanzia hapo, kabla hata ya saa sita mchana, wazo moja lilikuwa limeshaingia na kukaa: hawa nyumbani watakuwa afadhali bila mimi.

Roshni aliliandika ubaoni neno kwa neno.

"Hii ni habari au ni wazo?"

"Ni kweli," Corey akasema.

"Nani kakuambia?"

"Najua tu."

"Sajenti, uliwahi kuwaambia wenzako njia inapitika kwa sababu unajua tu?"

Corey aliinuka, akatoka, akajifungia chooni mpaka nesi akaja kumgongea. Siku hiyo hakula. Ezra alimletea mkate uliookwa na siagi alioutoa jikoni kwa magendo, akauacha juu ya meza bila kusema kitu, jambo ambalo kwa Ezra lilikuwa kubwa.

Kesho yake alirudi kwa Roshni mwenyewe, akasema lile ambalo hata Dana alikuwa hajaambiwa. Kulikuwa na koplo mmoja, Aden Whitlow, mcheshi, rafiki yake. Asubuhi hiyo kule Afghanistan Corey aliipima njia yote, akageuka, akasema maneno mawili: "Njia safi." Aden akapita. Bomu lilikuwa limetengenezwa bila chuma, au kwa chuma kidogo mno kifaa kisiweze kukiona. Jeshi lilichunguza likasema sajenti hakukosea. Corey aliisoma ripoti hiyo, akaikunja, akaendelea kujihukumu mwenyewe kila siku kwa miaka minne.

Roshni hakumwambia asijihukumu. Alimwuliza kile alichokiona asubuhi ile, kwa macho ya asubuhi ile, kabla ya kujua mwisho wake. Waliifanya kazi hiyo wiki nzima. Corey aliniambia hakutoka pale amesamehewa. Alitoka amejua tofauti kati ya kosa na msiba, na kwamba mpaka hapo alikuwa anaishi kama hakuna tofauti.

*

Wiki ya tatu Roshni akatuita mimi na Dana. Tulikaa kwenye chumba kidogo chenye viti vinne na sanduku la tishu. Corey alikuwa ameshika karatasi.

"Corey amekubali kuipima sentensi fulani," Roshni akasema. "Kuipima maana yake kuwauliza wenyewe. Nawaomba mjibu ukweli. Asidanganywe kwa kubembelezwa."

Corey akasoma bila kuinua uso. "Mngekuwa afadhali bila mimi?"

Dana alichomoa tishu moja, akaikunja mara nne. Kisha akasema polepole, "Nilisema nimechoka, na bado nimechoka. Nimechoka kukukosa wakati umekaa mbele yangu. Nikichoka nataka unishike upande wa pili wa shuka tukunje. Hapo ndipo ninapotaka ufike, Corey, kwenye shuka. Nani kakwambia nataka ufe?"

Alilia, naye Corey akalia. Roshni aliwaacha. Halafu akanigeukia.

"Na wewe, Elio?"

"Mimi sikai nao," nikasema.

"Amekuandika kwenye watu wa kuulizwa."

Nilitamani niwe shambani. Nikamtazama Corey. "Mimi na wewe hatupatani, unajua. Sina maneno mazuri. Lakini siku Dana aliponipigia, nilitapika barabarani pale Giru, malori yananipigia honi. Sijui hiyo inaitwaje. Ila kuwa afadhali bila wewe siyo."

Corey akainua uso.

"Giru sehemu gani?"

"Karibu na kituo cha mafuta."

"Ulitapika nini?"

"Mayai."

Akaanza kucheka, machozi yakiwa bado yanamtiririka, na Dana akamfuata, na mimi nikabaki nawatazama kama mjinga. Roshni akachukua kalamu sikioni, akaandika kitu kwenye faili. Mpaka leo najiuliza kama kwenye faili la hospitali ile kumeandikwa mayai.

Corey alinisindikiza mpaka kwenye lifti. Pale, akitazama namba za ghorofa zinavyobadilika, akasema, "Nilimbeba Aden mpaka kwenye ndege. Tulikuwa sita. Siku ya mzee wenu nilikuja nimevaa, nimejiandaa. Nilipoona jeneza linatolewa kwenye gari miguu ilikataa."

Lifti ikafunguka, ikafunga, ikaondoka bila mimi.

"Samahani, shemeji," nikasema.

"Hukujua."

"Sikuuliza."

Alitikisa kichwa. Tulisimama hapo mpaka lifti iliporudi.

*

Wiki ya nne walitengeneza kadi, ndogo kama leseni ya udereva, ikae kwenye pochi. Juu ziliandikwa dalili zake: silali, sijibu simu, naosha gari lisilo chafu. Chini yake mambo ya kufanya peke yake: maji baridi usoni, kutembea mpaka mtoni na kurudi. Kisha watu wa kupigia. Mwisho simu ya wodi na ya dharura. Na kwa maandishi mekundu ya Dana: bunduki ziko kwa Elio, zibaki huko.

Kwenye watu Corey alimwandika Dana. Akamwandika Ezra. Mstari wa tatu ukabaki mtupu, na Roshni akawa hataki kuupitisha.

"Dana ana kazi benki, kuna saa hawezi kushika simu. Ezra mwenyewe ni mgonjwa. Nataka wa tatu."

"Sina wa tatu," Corey akasema.

Ezra, aliyekuwa chumba hicho hicho akijaza kadi yake, akasema bila kuinua kichwa, "Mwandike mwenye sukari."

"Elio hanipendi."

"Ndiyo faida yake. Wanaokupenda unawaficha, unaogopa kuwaumiza. Yule utamwambia ukweli hivyo hivyo ulivyo, na yeye atakujibu hivyo hivyo."

Roshni alisema katika miaka yake yote hajasikia mtu akichaguliwa kwa sababu hiyo, ila haoni ubaya. Lakini niulizwe kwanza. Corey akanipigia nikiwa chini ya mashine, mikono imejaa grisi.

"Elio, naweza kukuweka kwenye kadi?"

Akanieleza. Nikafikiri kidogo. "Nitatakiwa kusema nini?"

"Roshni anasema hutakiwi kusema cha busara. Unashika simu, unakaa na mimi, tunahakikisha sipo peke yangu, na ikibidi unanileta hapa."

"Cha kutokuwa na busara nakiweza," nikasema.

Kabla hawajamruhusu, Roshni alimfanyisha zoezi ambalo Corey alilichukia kuliko yote. Alimwambia afumbe macho, aione siku mbaya ijayo, maana itakuja, na aipitie yote mpaka pale anapotoa kadi. Mara ya kwanza Corey alifumbua macho katikati. "Sikupiga," akasema. "Nilifika kwenye simu, nikaona nitawasumbua, nikairudisha mfukoni." Roshni hakushtuka. Akamwambia vizuri, sasa tunajua njia inakatikia wapi, turudie. Walirudia mara tano, siku mbili, mpaka akapiga.

*

Siku mbaya ilikuja Alhamisi ya katikati ya mwezi wa kumi, wiki tatu na ushei baada ya kurudi nyumbani.

Ilikuwa saa kumi na nusu alasiri. Tulikuwa tunajiandaa kuchoma shamba la ekari thelathini kabla ya kuvuna. Kibali kimetoka, upepo umetulia, gari la maji liko tayari, watu watano wamejipanga kwenye pembe, na kopo la mafuta la kuwashia moto liko mkononi mwangu. Simu ikalia. Nikaona jina.

"Elio, ni Corey. Nimefika kwenye jina la tatu."

Sauti yake ilikuwa tambarare, haina juu wala chini. Nikamkabidhi Nev kopo. Nilimwambia tu, "Choma," naye akaelewa, nikaanza kutembea kuelekea kwenye pikapu.

"Uko wapi?"

"Kwenye ngazi ya jikoni. Imeletwa barua ya jeshi. Wanakaa baraza, wataamua kama wananiondoa kwa sababu za afya. Nimeosha gari mara mbili. Nimetembea mpaka mtoni. Dana yuko kwenye kikao. Ezra kaenda Badu, hapatikani."

Roshni alikuwa amenifundisha niulize wazi, nisizunguke. Nikauliza. "Unafikiria kujiua?"

"Ndiyo."

"Una kitu hapo karibu?"

"Sina. Nimekaa tu."

"Basi toka hapo. Nenda kwa Bi Hazel, jirani. Sasa hivi, usikate simu."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie shemeji yako anakuja na amechelewa, mtu wa shamba hana adabu. Nenda."

Nilisikia mlango wake, kisha miguu kwenye changarawe. Nilisikia mbwa, na sauti ya kikongwe ikisema amefika wakati mzuri, kuna njegere za kumenya. Nilipeleka ujumbe kwa Dana na kwa wodi, nikaweka simu kwenye spika, nikashika barabara.

Saa nzima hiyo hatukuzungumza kitu cha maana. Nilipoishiwa maneno nikamlalamikia pampu yangu ya umwagiliaji, ambayo ilikuwa inakohoa mwezi mzima na fundi ameshaifungua mara mbili.

"Inakohoa ikianza au ikishapata moto?" akauliza.

"Muda wote."

"Maji yanatoka na mapovu?"

"Mengi."

Nikasikia njegere zikidondoka kwenye bakuli, moja moja. "Hiyo siyo pampu. Ni bomba la kunyonyea. Lina ufa mahali, linavuta hewa. Fundi wako anafungua kitu ambacho hakijaharibika."

"Fundi wangu ana miaka thelathini kazini."

"Basi amekosea miaka thelathini."

Huyo alikuwa Corey. Sauti ilikuwa bado chini, lakini ilikuwa na mtu ndani yake. Nikambishia makusudi mpaka Giru, nikambishia mpaka nikaanza kuona majengo ya mjini.

Nilimkuta barazani kwa Bi Hazel, bakuli mapajani, maganda yamemzunguka miguuni. Bi Hazel aliniangalia juu ya miwani. "Umekuja kumchukua? Hajamaliza." Dana aliingia nyuma yangu akiwa bado amevaa kitambulisho cha benki, akapiga magoti kwenye maganda, akamkumbatia pale pale. Bi Hazel akaingia ndani kuchemsha maji, na hakutoka mpaka yalipochemka kweli kweli.

Tulimpeleka wodini. Njiani Corey alikaa mbele, bakuli bado mikononi, maana hakuna aliyekumbuka kumpokonya.

"Nimerudi kule kule," akasema.

"Mara ya kwanza ulifikishwa na gari la wagonjwa," nikasema. "Leo umejipigia simu mwenyewe, umekaa kiti cha mbele, na umetengeneza pampu. Mimi sioni kama ni kule kule."

Alikaa siku nne. Roshni aliipitia Alhamisi yote pamoja naye, saa kwa saa, kama walivyofanya na ile Jumatatu, akamwonyesha kila mahali alipogeuka. Jioni ile ile ya Alhamisi Nev alinipigia kuniambia shamba limeungua vizuri, na nguzo zangu saba za uzio nazo zimeungua vizuri.

*

Mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata jeshi lilimwondoa Corey kwa sababu za afya. Tulikuwa tunaiogopa siku hiyo, na ilipofika akalala kutwa nzima, akaamka, akala, akampigia Roshni. Tangu hapo ameshanipigia mara mbili nyingine. Mara moja niliendesha gari mpaka kwake. Ya pili tuliongea nusu saa, akasema inatosha, anakwenda kumchukua mtoto shule. Aden bado yupo. Tarehe yake ikikaribia Corey anatuambia mapema, na wiki hiyo hakuna anayemwacha peke yake.

Ezra amehamia Badu moja kwa moja. Anatuma picha za samaki na anauliza kama mwenye sukari ameshajifunza kupika.

Corey sasa anafanya kazi Ayr, kwenye karakana ya pampu, siku nne kwa wiki. Yule fundi wangu wa miaka thelathini ndiye bosi wake, na wanabishana tangu asubuhi mpaka jioni. Mwaka huu amejiandikisha kozi ya miaka miwili ya ufundi wa umwagiliaji. Hesabu zinamsumbua, kwa hiyo Jumapili baada ya chakula anafungua vitabu mezani kwangu na mimi najifanya mwalimu, ingawa shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tano.

Jumapili iliyopita tulikwama kwenye ujazo wa bomba. Mimi nilipata jibu moja, Corey jingine, kila mmoja akashikilia lake, sauti zikapanda mpaka Dana akatutazama kutoka jikoni. Imogen akaja na embe mkononi, akasoma karatasi kwa muda mrefu.

"Baba umekosea hapa," akasema. "Na mjomba amekosea kila mahali."

"Mjomba huwa hivyo," Corey akasema. Akachukua kifutio, akafuta, akavuta kiti karibu na binti yake. "Haya, nionyeshe. Mtihani ni mwezi wa sita."